Tiketi za Baiskeli

Dada Hidaya alikata maboksi ya glavu kutoka Bombo,
zikatoka kadi mia tano na ushei.
Mbele neno la Kiingereza, kwa wino mweusi.
Nyuma maana, kwa Kiswahili, kwa bluu,
kwa sababu bluu, alisema, haimtishi mtu.

Nililipwa andazi moja kwa kila kadi ishirini.
Usiku, uani, Barabara ya Kumi na Tatu,
akitoka zamu, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi,
mimi nauliza, yeye anajibu.

Kiingereza changu hakikufika hata lebo ya chupa ya dawa.
Nilisoma kama palivyoandikwa,
herufi kwa herufi, kama darasa la kwanza:
efemerali.
Lakoniki.
Ubikwitousi!
Dada akicheka mpaka beseni linamwagika,
kisha analitamka yeye, polepole,
nusu ya herufi akizimeza
kama mtu anayekula dagaa na miiba yake.
"Zimekwenda wapi?"
"Zipo. Zimenyamaza tu."

"Efemerali?"
"Ya kupita. Isiyokaa."
"Mfano?"
"Mshahara."

Mtihani haukutaka mifano. Mifano ilikuwa yetu.

Akaenda Dar kwa basi la alfajiri,
akarudi na alama nne pungufu.
Mama akauliza kama zinauzwa,
na hakuwa anatania.
Siku mbili dada hakutia kitu mdomoni.
Ya tatu akaniita uani,
andazi liko kwenye kisahani,
miguu imo majini.
"Anza."

Mara ya pili zilitosha, zikabaki na chenji.

Sasa yuko huko kwenye baridi,
anawageuza wazee wa watu vitandani
wasipate vidonda.
Nilimuuliza: yale maneno, unayatumia?
Akakaa kimya. Nikasikia mashine ya kufulia inazunguka.
"Hapa wanasema oke," akasema.
"Oke asubuhi, oke jioni.
Na pole hawana."

Sanduku la kadi likabaki kwangu,
chini ya benchi, pamoja na viraka na gundi.
Fundi baiskeli lazima awe na tiketi,
mji huu watu huacha baiskeli na kusahau mwezi.
Napasua kadi katikati:
nusu naifunga kwenye usukani kwa uzi wa katani,
nusu anaondoka nayo mwenye mali.

Mzee Mntangi, anayedai chenji ya shilingi hamsini,
nilimpa frugali.
Haikuwa bahati nasibu, nilichagua.
Nyuma maana nayo ikapasuka:
yeye akaenda na "mtu asiye",
"mbadhirifu" ikabaki kwangu.
Wiki nzima kazunguka Ngamiani na "mtu asiye" mfukoni,
akaja kugomba.

Mwalimu Semboja alipata lakoniki. Hakusema kitu.

Bi Chausiku wa vitumbua alisimama mlangoni,
kinyago cha unga bado usoni:
"Fundi, nipe tousi yangu, mafuta yako motoni!"
Watu wanne wakageuka.
Nikampa.

Lakini iko Foniksi moja ya kijani
imeegemea ukuta tangu Shaabani.
Kijana alisema anarudi baada ya Alasiri,
hakusema Alasiri ya lini.
Kadi yake nyuma ni tupu.
Nadhani dada aliikata usiku ule wa mwisho,
akasinzia kabla ya bluu.

Ijumaa alipopiga nikamsomea nusu niliyo nayo:
"Pe, e, re, fe, u."
"Malizia."
"Nusu ya pili anayo mwenye baiskeli."
Akacheka,
na huko aliko, wallahi, nikasikia maji yakimwagika sakafuni.

Jumamosi naupaka mnyororo wake mafuta,
nazungusha pedali kwa mkono, nasikiliza.
Siipandi.