Usiitikise

Zamu ya usiku. Mfuko wa chokaa, kilo ishirini na tano,
naubeba kama mtoto aliyesinzia,
mkono chini ya makalio, kichwa begani,
na unga wake unanipanda puani, kooni, kwenye kope.
Mke wangu husema: umezeeka tena leo.

Chini yangu, tangi. Maji yanatoka kiwandani na rangi nzuri mno,
kijani cha kitenge kipya siku ya Jumapili.
Usimwamini mtu anayekusifia rangi ile.
Chura hathubutu humo.
Karatasi ya kipimo nikiichovya tu, inaiva,
nyekundu kama fizi iliyosuguliwa kwa hasira.

Mwansa, mkemia wetu, alisoma Kasapa
na bado hupanda ngazi za tangi kwa viatu vya kanisani.
"Polepole! Hii si bukari, usisonge tu!"
Kweli, maziwa ya chokaa yanataka subira.
Chuma ndiye hushuka mwanzo, mwekundu, hana aibu.
Shaba humfuata, samawati, mlaini kama utando wa uji.
Kobalti hujivuta, mpaka abembelezwe,
na manganizi, huyo ni mlevi wa mwisho kutoka baa.
Ukizidisha mkono, zinki aliyekwisha kulala
huamka, akarudi majini,
na Mwansa huvua miwani, akanitazama hivihivi.
Hilo ndilo tusi lake.

Zamani nilidhani kusafisha ni kuondoa.
Hakuna kinachoondoka.
Kilichokuwa kimeyeyuka, kisichoonekana, kisicho na jina mdomoni,
kinapata mwili, kinakuwa kizito,
kinatua.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru miaka thelathini na moja.
Tulipomwosha mara ya mwisho, mimi na kaka yangu Kaumba,
maji ya beseni yalibadilika rangi.
Kidogo tu.
Kaumba akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.
Tukayamwaga nyuma ya choo, penye migomba,
na hatujawahi kulisema jambo hili, hata tukilewa.

Shangazi Kalenga analima lengalenga kando ya Kafubu.
Nilimweleza kazi yangu, kwa fahari, nikichora mchangani kwa kijiti:
hapa maji, hapa chokaa, hapa yanatoka meupe.
Alinisikiliza huku anafunga mafungu ya soko.
"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.
Nikamwambia: hatuzoi maji, shangazi. Tunazoa kilichomo.
"Sawa. Na hicho mlichokizoa, mmekiweka wapi?"

Nyuma ya ukuta, nikasema. Kwenye bwawa.
Chini yake tumetandika plastiki.
Akakaza kamba ya fungu, akaikata kwa meno.
"Plastiki," akasema, kama mtu anayerudia bei.
Sikuongeza neno. Mwezi wa kumi na mbili, hapa kwetu,
mvua haipigi hodi.

Asubuhi hiyo nilibeba chupa moja nyumbani,
ya sampuli, kifuniko nimekifunga kwa utepe.
Nikaiweka juu ya kabati, penye picha ya baba.
Ilipofika ilikuwa vurugu, mawingu ya buluu yakigombana.
Nikalala.
Nilipoamka saa nane, juu palikuwa peupe,
peupe hata ukasoma tarehe ya kalenda iliyo nyuma yake,
na chini, unene wa kidole kimoja, tandiko laini, buluu,
limetulia.

Mpundu wangu, miaka sita, amepanda kiti.
"Baba, huku chini kumelala nani?"
Mkono wake tayari uko shingoni mwa chupa.

Usiitikise, nasema.
Sikupandisha sauti. Sauti nayo hutikisa.
Usiitikise, mama. Shuka.
Shuka polepole.