Pasi

Alhamisi, Paysandú. Baridi ya Julai inauma masikio.
Orodha ya kikosi haijabandikwa,
lakini mzee Heber, mtunza jezi, keshapewa jina
la kinda atakayekaa benchi Jumapili
na timu ya wakubwa.

Tumejibanza nje ya dirisha la chumba cha kufulia,
mimi na Maicol Barreto.
Miaka sita kitanda kimoja cha ghorofa,
yeye juu, mimi chini.
Miaka sita pasi zake hunikuta mguuni
kabla sijaziomba.

Leo pasi ni ile ya chuma, inafuka mvuke.
Mzee ametandaza jezi, namba arobaini na moja,
anabandika herufi mojamoja
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

B.
Tunashikana mikono. Kwa B tuko wawili tu,
Barreto na Barreiro.
A. R. R nyingine.
Anakohoa. E.
Anaiacha pasi ipate moto upya.

Nasikia moyo wa Maicol, au wangu,
ndani ya koti tulilojifunika wote wawili.
Mkono mmoja umelegea.
Sijui ni wa nani ulioachia kwanza.

Sijawahi kumwombea mwenzangu mabaya,
Mungu shahidi.
Ila hiyo herufi ya sita
naiombea iwe nyembamba,
I, fimbo kavu isiyo na mabega.

Mzee anainua macho. Anatuona.
Anafunika jezi kwa taulo,
kisha anapiga pasi juu ya taulo,
polepole,
ametupa mgongo.