Mayai ya Chumba cha Tatu

Mashine niliyonunua Gerezani zamani ilikuwa friji.
Mlangoni bado ina stika ya soda, imechubuka,
na ndani, palipokuwa na ubaridi,
fundi Njechele amefunga balbu nne na feni ya kompyuta.
"Iache kwenye thelathini na saba nukta saba," alisema,
"na usiifungue-fungue kama sufuria ya pilau."

Mayai sitini na mawili, ya kienyeji, kutoka Mkuranga.
Kila moja nimelichora kwa penseli:
eksi upande huu, duara upande ule.
Asubuhi eksi. Adhuhuri duara. Usiku eksi tena.
Kuku hufanya hivi kwa mdomo, hajui kuandika,
wala hajawahi kudaiwa umeme.

Mimi nadaiwa.
Nyumba yetu ya Mbagala ina vyumba sita na Luku moja,
na daftari limening'inizwa kwa kamba ya katani chini ya mita.
Siku ya nne Bi Chausiku wa chumba cha pili akaandika,
kwa kalamu nyekundu:
KUKU WA NANI ANALALA NA HITA SISI TUNALALA NA JOTO.
Mpoki wa chumba cha tano, achemshaye maji ya kuoga
kwa waya aliouunga mwenyewe,
akasoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko.
Sikujibu. Niliongeza elfu mbili, nikatia sahihi.

Siku ya saba nilizima taa, nikayamulika kwa simu.
Kumi na moja yalikuwa matupu,
yaking'aa kama vikombe vya wageni.
Katika mengine, mishipa, vizizi vyekundu,
na katikati doa linalorukaruka:
moyo, mdogo kuliko punje ya ulezi,
una haraka zake.
Nililishika hilo moja mpaka likanitia woga.
Nikalirudisha. Eksi juu.

Siku ya kumi na nane unaacha kugeuza.
Unaongeza maji kwenye bakuli, unafunga mlango,
na mikono inakosa kazi.
Nilifua shuka lililokuwa safi.

Usiku wa kuamkia ya ishirini, saa nane, feni ikanyamaza.
Nilijua kabla sijafumbua macho.
Haikuwa Tanesco. Mtaa mzima ulikuwa unawaka.
Zilikuwa uniti zetu, sifuri nukta sifuri,
na simuni nina shilingi mia tatu.

Nikawasha jiko la mkaa uani.
Nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikazilaza kati ya trei,
nikaifunika mashine blanketi, na taulo,
na koti nililoolea.
Mlango wa chumba cha pili ukalia.
"Unapika nini saa hizi?"
"Sipiki."
Tukasimama. Halafu, chini ya koti,
kitu kikasema: pwi.
Hakijatoka bado. Kilikuwa kinaita kutoka ndani ya gamba,
na cha pili, trei ya chini, kikaitika.

Bi Chausiku hakusema maneno mazuri. Alisema, "Mjinga wewe,"
akaingia chumbani, nikamsikia anabonyeza simu,
akatoka anazisoma tarakimu ishirini, nne nne,
nami nabonyeza kwenye mita,
tukakosea, akanisonya, tukaanza upya.
Feni ikazunguka.

Walitoka vifaranga thelathini na wanane.
Mmoja mwingine alitoboa tundu akaishia hapo,
mdomo nje, mwili ndani. Nimemfukia nyuma ya choo.
Saa nane za usiku bado naamka, nasikiliza.

Na daftarini, chini ya maandishi yake mekundu,
Bi Chausiku ameongeza, safari hii kwa penseli yangu:
*Yule wa madoa anayelala karibu na bakuli ni wangu.*
*Na elfu tano ya usiku ule isisahaulike.*