Kahawa, 350

Baba mdogo Ombasa, kwenye posa ya Moraa
ulishika mfupa kama rungu la chifu
ukasema kizazi chetu kimemaliza pesa kwa kunywa kahawa.
Watu wakacheka. Na mimi nikacheka,
maana nilikuwa nimebeba sufuria ya wali,
na mbeba sufuria hajibu.

Nakujibu leo, tarehe ishirini na tatu,
wakati mwezi unajinyoosha na kukataa kuisha.

Tunakaa Pipeline, ghorofa ya saba, mimi na Mwende.
Jua hutufikia saa sita kasorobo,
linajipenyeza kati ya kuta mbili kama mdai,
linachungulia, linakwenda zake.
Maji hupanda Jumatano.
Siku nyingine tunapanda sisi, na mtungi.

Nina daftari. Sikiliza:
nyanya mbili, ishirini.
Mafuta ya kupimiwa, thelathini.
Tokeni ya stima, hamsini, na tulale mapema.
Dawa ya presha ya Mama, mia nane.
Mkopo wa simu, wa kulipa mkopo wa simu.
Mwende ananidai kitunguu.

Wewe ulitoka chuo Ijumaa, Jumatatu ukaandikwa;
umetusimulia hivyo kila Krismasi.
Kiwanja cha Ruai ulikinunua kwa mishahara minne
na chenji ikabaki ya mbuzi.
Mimi nimetuma maombi mia moja na kumi na mawili.
Waliojibu ni watano:
watatu wanasikitika,
wawili wanataka nifanye kazi bure nipate uzoefu.
Nilimwuliza mwenye nyumba kama anapokea uzoefu.
Akatazama kufuli mpya mkononi mwake.

Ndiyo, kahawa nilinunua.
Ukurasa wa kumi na nne, kalamu nyekundu: *kahawa, 350.*
Ilikuwa siku ya mahojiano, ya kuonana kwa simu,
na stima ilikuwa imepotea Pipeline nzima.
Nikatembea hadi mjini nikiwa na raba,
nikabadilisha chooni, nikavaa viatu vya Mwende
vinavyonibana hadi Kiingereza changu kikawa kifupi.
Nikaketi pembeni, mgongo kwenye ukuta mweupe.
Kikombe kile nilikinywa saa mbili na nusu,
tone kwa tone, kama kuku, kichwa juu,
ili mhudumu asipate sababu ya kukiondoa.
Sikununua kahawa, baba mdogo.
Nilinunua kiti, na soketi, na ukuta usio na kamba ya nguo.

Kazi sikupata.
Ila juu ya povu walikuwa wamechora jani,
na nilikaa muda kabla ya kulivunja.
Hilo sikuliandika daftarini.
Sikujua nilipange safu gani.

Juzi ukapiga simu usiku, sauti chini,
ukauliza kama kwa bahati nina elfu mbili,
mpaka Ijumaa tu.
Nikakutumia mia saba. Mia mbili ni za Mwende.
Sikukuuliza habari za Ruai,
nilisikia jinsi ulivyomeza mate.
Nimeandika *Baba mdogo, 700*,
kwa penseli.

Ukipita Embakasi, panda.
Ngazi ni tisini na nane, pumzika ya nne,
hapo pana dirisha.
Chai ipo, ya rangi.
Kahawa hatuna.