Mkazo

Fermín, mchonga mawe wa Soria,
hutoza kwa kila herufi. Alama ya mkazo haina bei,
labda ndiyo maana aliisahau.

Obdulia akainama kaburini kwa mumewe,
akagonga marumaru kwa pete:
can-to. Silabi mbili, uzito mbele.
"Naimba," jiwe linasema.
Yeye alilipia can-tó, uzito nyuma:
"aliimba," yamekwisha.

Kijistari tu, chembamba kama ukucha wa kichanga,
kimeondoka na nafsi na wakati.
Nikakumbuka barabara na barabara,
maneno mawili ndani ya kanzu moja.

Fermín akatoa patasi, akiomba radhi.
Obdulia alikuwa bado anasikiliza.
"Acha kwanza," akasema. "Hata alipokuwa hai
hakujua kunyamaza kwa wakati."