Kadi ya Harusi

Newala, nyuma ya ghala la korosho,
kompyuta ya Nalinga imeikatakata mota yangu
pembetatu elfu arobaini,
na kila moja inaulizwa: wewe unavutwa wapi?

Mchoro wa kwanza ulikuwa na meno kumi na mawili,
sumaku nane.
Nikaizungusha rota kwa kidole.
Ikang'ang'ania, ikachupa, ikang'ang'ania tena
kama punda anayepanda ngazi.

"Ongeza mbili," akasema.
"Zikiwa kumi hazitafika mlangoni kwa pamoja."
Nikacheka. Kwetu Kitangari tulikuwa kumi, sinia moja:
huyu ananyoosha mkono, yule anatafuna,
na ugali ukatutosha.

Ikazunguka. Laini.

Mwanya kati ya rota na stata
niliupima kwa kadi ya harusi ya Somoe, iliyokunjwa.
Hapo hapana shaba wala chuma,
na nguvu yote inapita hapo hapo,
bila kugusana.
Harusi yenyewe sikwenda.

Tukaifunga kwenye mashine ya kubangulia.
Korosho ya kwanza ikatoka nzima,
nyeupe.
Ya pili ikapasuka.
Nalinga hakusema kitu,
akarudi kwenye pembetatu zake.