Daftari la Masizi

Kiwanda cha soksi cha Võru kilipofunga milango
nilipewa mshahara wa miezi miwili, kadi ya asante,
na soksi ishirini, kila moja haina mwenzake.
Nikazifanya vitambaa vya kufutia mikono. Zilinifaa.

Brashi ya kwanza niliazimwa na mjane wa fundi Heldur:
nyuzi za chuma, tufe la kilo tatu,
kamba iliyokuwa bado imeshika umbo la kiganja chake.
"Usinilipe," akasema Salme. "Anza na dohani yangu.
Tangu tumzike hakuna aliyeigusa."

Nikapanda. Upepo wa Oktoba
ulinishika kola kama askari.
Chini, mapaa ya vigae, mapaa ya bati,
na kila paa lina koo, na kila koo linakohoa.
Nilihesabu hadi mia mbili na kumi na nne,
vidole vikafa ganzi, nikaacha.

Ndani ya dohani ya Salme mlikuwa na kiota cha kunguru,
vijiti ndoo saba,
ufunguo wa baiskeli, kijiko kimoja cha chai.
Akakiosha kile kijiko
akanikorogea chai kwacho.

Mwaka wa kwanza ulikwenda hivi:
ngazi, mkopo. Bima, mkopo. Mtihani wa cheti, nilifeli
kwa swali la mvuto wa hewa,
hewa ileile iliyokuwa ikinivuruga nywele kila siku.
Nikarudia. Nikapita. Nikakitundika cheti chooni,
ndiko kulikobaki ukuta mtupu.

Watu hunisimamisha njiani waguse kifungo cha koti langu;
huku kwetu msafisha dohani ni bahati inayotembea.
Bibi harusi alinikimbilia hadi kituo cha mafuta, na shela lake.
Mzee mwenye tiketi ya bahati nasibu
alikivuta kikakatika.
Usiku nashona.
Bahati yao, uzi wangu.

Kisha bwana Raimond, wa nyumba ya wageni kando ya ziwa:
dohani tisa, nusu ya mapato yangu.
Katika ya sita niliteremsha kioo na taa nikaona ufa,
mrefu kama mkono, nyuma ya chumba cha watoto.
"Tia saini tu, msimu umeshaanza."
Kalamu ilikuwa yake, nzuri, nzito.
Nikamrudishia.
Baridi ile tulikula viazi kwa chumvi,
Jumapili viazi kwa siagi.
Nyumba haikuungua. Mpaka leo haijaungua.
Nikipita pale moshi wake unapanda mweupe, umenyooka,
kana kwamba unanicheka.
Na bado nisingetia saini.

Kilichonikuza si tangazo,
ni vikongwe wenye simu za mezani.
Salme akampigia Õie, Õie akampigia wifi yake:
"Huyu hufunika zulia kwanza. Huyu huvua viatu."
Weusi usioonekana kwenye pazia
ndio ulionipatia jina.

Sasa nina gari la pili, ngazi nne,
na Uku, miaka kumi na tisa,
anayeogopa buibui lakini haogopi kimo.

Jana alinikuta jikoni nakohoa.
Akainamia jiko langu, akachungulia juu.
"Bosi, hii ilisafishwa lini?"
Nikafungua daftari. Kurasa zimejaa majina,
mtaa kwa mtaa, tarehe kwa tarehe.
Langu halimo.
Ni kweli mganga hajigangi,
ila hakuna anayesema mganga huyo
hulalaje na moshi wake.

Akapanda na giza, theluji ikidondoka.
Nikalisikia tufe likishuka ndani ya ukuta,
tuk, tuk,
kama moyo wa mtu mwingine nyumbani mwangu.
Akarudi mweusi, meno tu.
Akatoa kitabu cha risiti,
akaandika bei kamili, hakupunguza hata senti.
Nikalipa.
Na alipogeuka kuchukua kofia
nikanyoosha kidole, upesi, kama mwizi,
nikagusa kifungo chake.